Uzoefu Wangu: Martini ya Nyumbani kwa Jini ya Procera

Kati ya jini zote (ile pombe kali, gin) nilizowahi kutengenezea martini, kinywaji cha jini na divai ya mimea iitwayo vermuti, jikoni kwangu, hakuna iliyonipendeza kuliko Procera, ambayo hutengenezwa papa hapa Nairobi. Jini nyingi duniani hupata harufu yake kutokana na matunda yaliyokaushwa ya mreteni wa Ulaya, Juniperus communis, ilhali hii hutumia matunda mabichi ya Juniperus procera, yaani mutarakwa, mti wa nyanda zetu za juu ambao wengi wetu tunaujua kwa nguzo za ua. Ubichi huo unasikika mara tu kizibo kinapotoka: harufu ni ya majani na udongo, na ladha inayofuata ina ulaini unaokaribia karanga.

Kwa ladha kama hiyo, sikubaliani na wanaosifu martini kavu kupindukia, ambayo vermuti hupitishwa tu juu ya bilauri. Mimi hupima mililita 60 za jini na 20 za vermuti kavu, yaani isiyo tamu, ya Ufaransa, Noilly Prat au Dolin, kwa sababu mimea iliyomo ndani ya vermuti ndiyo inayoufungua mutarakwa. Lakini vermuti yenyewe lazima iwe hai. Hiyo ni divai iliyoongezwa pombe kali na kutiwa mimea, pakanga ikiwamo, na kama divai nyingine huanza kuchakaa pindi chupa inapofunguliwa. Nimeletewa martini chungu na butu katika zaidi ya baa moja jijini, na kila mara chupa ya vermuti ilikuwa imesimama rafuni, wazi, kwenye joto. Nyumbani hukaa kwenye friji, na isipomalizika ndani ya miezi miwili hivi huenda kwenye sufuria ya samaki. Ukiipata chupa ndogo, inunue hiyo.

Barafu ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi. Maji ya bomba yenye harufu ya klorini, au barafu iliyolala karibu na nyama kwenye friza, yataonekana wazi katika kinywaji hiki kisicho na sukari wala maji ya matunda ya kuficha chochote. Mimi hugandisha maji yaliyochujwa, vipande vikubwa, kisha nakoroga kwa kijiko kirefu kwa takriban nusu dakika. Kutikisa huingiza vipovu vya hewa na kukitia kinywaji ukungu. Jini siigandishi kwenye friza kabla ya kuichanganya, maana ikiwa baridi mno haiyeyushi barafu ya kutosha, na maji hayo, ambayo hufikia karibu robo ya kinywaji kizima, ndiyo yanayotuliza makali ya pombe.

Humalizia kwa ukanda mwembamba wa ganda la limau, nikiuminya juu ya bilauri ili mafuta yake yatue juu ya kinywaji. Zeituni naipenda, ila chumvi yake huufunika mutarakwa, kwa hiyo huiweka kando kwenye kisahani.

Bei ya Procera ni ya juu, na kwa anayetaka kuichanganya na soda tamu nisingeipendekeza. Kwa martini inastahili kila shilingi. Mgeni asiyezoea pombe kali humchanganyia jini na vermuti nusu kwa nusu, na hata hapo harufu ya mutarakwa haipotei.