Dhoruba ikipiga Alta, naanza na Wildcat: uzoefu wangu

Siku yangu ya kwanza ya kuteleza kwa skii, zile mbao mbili ndefu za miguuni, katikati ya dhoruba ya theluji niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa mlima mwingine, si Alta, mlima ninaotelezea sasa huko Utah, Marekani, ambako Wildcat ni mojawapo ya lifti. Niliamini theluji nzuri iko kileleni, nikapanga foleni kwenye lifti, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani, ile inayofika juu kuliko zote. Upepo ulikuwa mkali, viti vinayumba kwenye waya, lifti haifunguliwi. Nikasimama zaidi ya saa nzima, vidole vya miguu vimekufa ganzi, na huko chini lifti ndogo zinazunguka, watu wanapiga vigelegele mitini. Tulipopandishwa hatimaye, sikuona kitu. Juu kweupe, chini kweupe, mbele kweupe. Nilianguka nikidhani nimesimama, kumbe skii zilikuwa zimeshaanza kuteremka.

Tangu siku hiyo, dhoruba ikipiga najiuliza jambo moja tu: lifti hii inanipeleka mitini? Misonobari inakata upepo, na mashina yake meusi yanayapa macho kitu cha kushika. Ukiwa katikati yake unaona mteremko ulivyokaa. Uwanda mtupu wa juu, pale miti inapoishia, hauna alama hata moja, hata uwe fundi wa namna gani.

Naishi Salt Lake City, kwa hiyo mlima wangu ni Alta, mwishoni mwa bonde la Little Cottonwood. Ni mlima wa skii tu, wenye snobodi, ubao mmoja wa kutelezea, hawaruhusiwi. Chini kabisa pale unapoegesha gari tayari uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Theluji yake kwa wastani inapita mita 12 kwa msimu, na msimu wa 2022/23 ilifika inchi 903, karibu mita 23. Ni nyepesi na kavu. Ukiipuliza kwenye glavu inaruka kama unga wa sembe.

Lifti ninayoipenda siku kama hiyo ni Wildcat. Nilipoipanda mimi ilikuwa ya viti vya watu wawili, ya kizamani, inakwenda taratibu, na haifiki juu kama jirani yake Collins. Ndiyo maana wengi wanaipita. Kwangu huo mwendo wake wa taratibu ndio faida: kwa saa moja inapandisha watu wachache, hivyo theluji haichakazwi upesi. Kijana wa lifti anafagia kiti kwa ufagio, unakaa, halafu kimya, husikii ila chembe za theluji zinazogonga kofia ngumu. Asubuhi moja mwezi wa pili nilishuka katikati ya misonobari theluji ikinifika mapajani, nikapanda tena, na niliporudi palepale alama zangu zilikuwa zimeshafukiwa nusu. Nilirudia mara sita kabla ya chakula cha mchana. Foleni ndefu zaidi niliyoikuta ilikuwa ya watu wanane.

Supreme, upande wa pili wa mlima, ni chaguo langu la pili. Lifti hii ni ya kasi, ya watu wanne, ilijengwa upya 2017, na ina miti ya kutosha. Collins nayo naiheshimu sana, ila miinuko yake ya wazi naiacha mpaka mawingu yafunguke.

Kwa anayejifunza kuna Sunnyside, mteremko wa upole. Hapa nasisitiza kitu ambacho mimi sikuambiwa: theluji ikiwa nyingi, mteremko wa upole sana unakwamisha. Skii zinazama, unasimama, unaanza kusukuma kwa fimbo mpaka mabega yanawaka moto. Mwanafunzi afuate njia zilizoshindiliwa na mashine usiku. Anayejiweza atafute mteremko mkali kidogo kuliko aliouzoea, maana theluji nyingi inapunguza mwendo yenyewe.

Mitini usiende peke yako. Matawi ya chini yanazuia theluji isijae kwenye shina, panabaki shimo limefunikwa juu. Mtu akitumbukia kichwa kwanza, kujitoa ni vigumu sana, na watu wamekufa hivyo. Mimi na mwenzangu tunaitana kila baada ya kona chache, na mikanda ya fimbo tunaitoa mikononi tukiingia mitini.

Miwani nayo ni nusu ya kazi: kioo cha njano au cha waridi, si kile cheusi cha jua. Na chukua basi. Barabara ya bondeni inapita chini ya njia nyingi za maporomoko ya theluji, hufungwa ili yaangushwe makusudi kabla hayajaja yenyewe, na hali ikiwa mbaya zaidi kila aliye Alta anaamriwa kubaki ndani ya jengo mpaka ruhusa itoke. Kwa hiyo siku ya dhoruba mkoba wangu una maji, chapati mbili, chaja ya simu na soksi kavu. Ninapanda basi la alfajiri, nikishuka naelekea Wildcat moja kwa moja, na huko juu sikuangalii kabisa mpaka mchana.