Upasuaji wa tezi dume: daktari namsifu, lakini siku ya kutolewa mpira wa mkojo imenikasirisha

Ninaandika nikiwa bado na hasira, nami sioni sababu ya kuificha. Upasuaji wa kuondoa tezi dume yenye saratani nilifanyiwa Mwanza, katika hospitali ya rufaa, na mwanzoni nilikusudia kuisifu tu. Baada ya kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, na kuchukuliwa kipande kidogo cha tezi kwenda kupimwa, daktari bingwa alinieleza kwa utulivu kitakachofanyika, akanisimamishia aspirini niliyokuwa nikiitumia, vijana wangu wakachangia damu, na usiku wa kuamkia upasuaji sikula kitu. Baadaye niliruhusiwa kurudi Tabora nikiwa na mpira wa mkojo, ambao ungekaa kama wiki mbili hivi. Wenzangu mtakaosafiri kwa basi kupitia Shinyanga na Nzega mkiwa na mfuko uliofungwa mguuni, vaeni kanzu au msuli, kwa maana suruali hubana mpira na mkojo ukashindwa kushuka.

Kero yangu ilianzia katika kituo kimoja cha afya hapa mjini, nilikoelekezwa kwenda kutolewa mpira huo. Muuguzi mwenye umri wa mjukuu wangu alisimama mlangoni akiwa na faili mkononi na, bila salamu yoyote, akauliza kwa sauti: "Nani hapa kakatwa tezi dume?" Benchi zima lilinigeukia, wakiwamo akina mama waliopakata watoto wa kliniki. Nikainuka.

Ndani alichomeka bomba la sindano kwenye mdomo wa pembeni wa mpira, akavuta maji yanayojaza kile kiputo kinachoushikilia ndani ya kibofu, kisha akauchomoa. Kwa haki niseme kwamba hakuniumiza hata kidogo. Lakini niliposimama tu, mkojo ulitiririka mpaka kwenye viatu, nami sikuwa na habari kwamba jambo hilo hutokea. Nilimuuliza kama kuna kitu kimeharibika. Alinijibu huku akivua glavu, mlango ukiwa wazi: "Mzee, kanunue pampasi, wenzako wanasubiri."

Tangu siku hiyo nilijifungia nyumbani. Niliacha hata swala ya jamaa, nikiamini kwamba sina twahara, yaani usafi wa kuswalia, mpaka sheikh wetu aliponieleza kwamba mwenye udhuru wa kuvuja mkojo hujisafisha, hujikinga, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kisha akaswali.

Nilipolazimika kurudi pale kuangaliwa kidonda, nilipokelewa na muuguzi mwingine, mama mtu mzima. Alifunga mlango kwanza, akasema, "Shikamoo baba," ndipo akanieleza kwamba tezi hiyo iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo, kwa hiyo ikishaondolewa, misuli ya chini hubaki na kazi ya kuzuia mkojo peke yake, na inahitaji muda kupata nguvu. Akanifundisha kuikaza kana kwamba ninazuia mkojo au upepo, kuhesabu polepole, kuilegeza na kurudia, asubuhi, mchana na jioni. Alisema kwamba wengi hupata nafuu ndani ya miezi kadhaa, na kwamba ni vizuri mazoezi hayo yaanze kabla ya upasuaji.

Kabla ya upasuaji! Hapo ndipo hasira yangu ilipomwacha yule binti na kuhamia Mwanza, kwa sababu yeye alinivunjia heshima kwa dakika chache, lakini waliokuwa na wiki nzima za kuniandaa hawakunitamkia neno. Karatasi niliyopewa wakati wa kuruhusiwa inataja dawa, kidonda, na katazo la kubeba vitu vizito. Kuhusu kuvuja mkojo haina hata mstari mmoja. Zile sifa nilizokusudia kuwapa ninazipunguza, ingawa ndugu yangu akiugua leo bado ningempeleka kwa daktari yuleyule, maana mkono wake ndio uliookoa maisha yangu.

Niliporudi kwake, PSA ilikuwa chini kiasi kwamba kipimo hakikuigundua. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote, kisha nikamwonyesha ile karatasi na kumuuliza kwa nini imenyamaza. Alisema kwamba huwa wanaeleza kwa mdomo. Mimi sikuelezwa.