London hadi Paris: ndege ni saa moja na robo, safari ni saa tano

Ukiangalia ramani, London na Paris ni majirani. Kwa mstari ulionyooka hazifiki hata kilomita 350, na tiketi ya ndege kutoka Heathrow hadi Charles de Gaulle huandikwa saa moja na robo hivi. Mimi naishi mashariki mwa London na dada yangu yuko Paris, kwa hiyo ndege nimeshapanda na treni nimeshapanda. Siku hizi mtu akiniuliza namwambia apande treni.

Muda wa ndege uhesabu kuanzia mlangoni kwako. Heathrow iko magharibi mwa jiji, na kutoka kwangu ni zaidi ya saa nzima ndani ya treni ya chini ya ardhi. Unatakiwa ufike mapema, ukaguliwe, usubiri. Ukishatua kuna foleni ya pasipoti, halafu treni ya RER B kuingia mjini, maana uwanja wenyewe uko kama kilomita 25 nje ya Paris. Nikijumlisha yote, saa tano zinakatika.

Treni ya Eurostar inaondokea kituo cha St Pancras, katikati ya London, na kukushusha Gare du Nord, kituo kile kile ambacho RER ya uwanja wa ndege ingekufikisha. Treni ya haraka zaidi hutumia saa 2 na dakika 16. Mwendo hufika kilomita 300 kwa saa, ukapungua hadi 160 ndani ya handaki la chini ya bahari, lile la kilomita 50 lililofunguliwa mwaka 1994. Ni giza la dakika kama ishirini tu, mara unaona mashamba ya Ufaransa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba maofisa wa Ufaransa wanakagua pasipoti hapo hapo St Pancras. Ukishuka Paris unavuta begi lako unatoka, shemeji anakusubiri nje. Ila mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania ahakikishe viza yake ya Schengen iko sawa, maana kama ina kasoro atarudishwa akiwa bado London.

Na mizigo! Nilimbebea dada chupa kubwa ya achari ya embe. Kwenye ndege isingepita kwenye begi la mkononi kwa sababu ya sheria ya wakati ule ya vimiminika visivyozidi mililita 100 kwa chupa, lakini kwenye treni ilipita bila swali. Nyama na maziwa usibebe, Umoja wa Ulaya hauruhusu kuviingiza kutoka Uingereza tangu 2021.

Kingine kinachowachanganya wengi ni saa. Paris iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo kwenye tiketi safari ya kwenda inaonekana ndefu na ya kurudi fupi, kumbe muda ni ule ule.

Ndege ina watu wake. Anayekaa Hounslow, jirani kabisa na Heathrow, au anayetua hapo kutoka Nairobi na kuunganisha, hana sababu ya kuhangaika kwenda St Pancras. Wengine kateni tiketi ya treni mapema, kwani siku zikikaribia bei hupanda sana, na mfike kituoni kwa wakati: geti hufungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka.