Mtama na mahindi: nafaka mbili, njia mbili za kutoka mwituni hadi shambani

Mtama ni wa Afrika. Mashariki mwa Sudan, karibu na Kassala, vigae vya vyungu vya takriban miaka 5,000 iliyopita vina alama za punje zilizokuwa zikibadilika kutoka za mwituni kuwa za shambani. Mtama mwitu hupukutisha mbegu zikikomaa; wakulima walivuna masuke yaliyoshikilia punje, wakapanda hizo hizo, msimu baada ya msimu. Badiliko lilikuwa la polepole, na hadi leo mtama mwitu huota kandokando ya mashamba na kuchanganyika nao.

Mahindi yalibadilika kupita kiasi. Asili yake ni teosinti, nyasi ya bonde la mto Balsas, Meksiko, yapata miaka 9,000 iliyopita. Shuke la teosinti lina punje tano hadi kumi na mbili tu, kila moja ndani ya ganda gumu kama jiwe. Linganisha na gunzi lenye mamia ya punje zisizo na ganda hilo! Lakini gunzi hilo, likiwa limefungwa kwa maganda, haliwezi kujipanda lenyewe.

Kwangu kazi ya Wameksiko inastaajabisha zaidi, ila kwenye ardhi kame ningepanda mtama: mvua ikikatika, husubiri, kisha huendelea kukua.