Sayanotaipu, Van Dyke na karatasi ya chumvi: ipi huiva haraka juani?

Kiangazi chote nimechapa picha kwa jua, kwa njia hizi tatu za kupaka dawa kwenye karatasi, juu ya paa la nyumba yetu hapa Tanga, kwa negativu ileile (picha angavu ambayo giza na mwanga vimegeuzwa), karatasi ileile ya pamba na fremu moja, kwa kuwa nilitaka kujua kwa hakika ni njia ipi inayoiva mapema, yaani picha kukamilika juani.

Nilianza na sayanotaipu ya asili, njia itoayo picha za bluu aliyoivumbua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, ambayo huuzwa katika chupa mbili za kuchanganya nusu kwa nusu. Saa sita mchana, mbingu ikiwa nyeupe, ilinichukua dakika 8 hadi 10. Naipenda kwa sababu karatasi yenyewe huonyesha imefikia wapi: umanjano wenye ukijani hugeuka bluu, kisha sehemu za giza hufifia na kuwa kijivu chenye wekundu wa shaba, na hapo ndipo ninapoitoa. Nilipoitoa ingali bluu tupu, picha ilimomonyoka karibu yote kwenye maji ya kuoshea.

Van Dyke, njia itoayo picha za kahawia, yenye nitrati ya fedha pamoja na chumvi ya chuma, iliiva kwa dakika 4 tu. Hata hivyo inadai umakini mkubwa zaidi, kwani hukoza rangi inapokauka, kwa hiyo huna budi kuitoa ikiwa bado nyepesi kuliko unavyotaka. Tena nitrati hiyo ni ghali, huacha madoa meusi mikononi na ni hatari kwa macho, basi vaa glavu na miwani.

Karatasi ya chumvi, yaani iliyopakwa chumvi kisha nitrati ya fedha, ilikwenda dakika 12. Nakiri kwamba sikuitendea haki, kwa sababu inahitaji negativu yenye tofauti kubwa zaidi kati ya giza na mwanga.

Nikiulizwa, anayeanza anunue sayanotaipu. Dakika chache za kungoja si hasara.

Jambo lililonipotezea muda kuliko kemikali yoyote ni kioo. Duka moja liliniuzia kioo cha fremu bila kunieleza kwamba kina utando wa kuzuia urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana ambayo ndiyo huivisha dawa hizi, na sayanotaipu ikakaa juani nusu saa nzima pasipo kubadilika. Sasa kila kioo kipya hukilaza juu ya kipande cha karatasi iliyopakwa dawa, nusu ikiwa chini yake na nusu wazi, nikatazama nusu hizo mbili zinavyopishana rangi.