Fleti ya katikati ya jiji, mtaa wa wasanii: kodi unalipia nini hasa?

Haya, karibuni. Nyie mnaoniulizia fleti za katikati ya jiji, zile za mitaa yenye kumbi za muziki, maonyesho ya picha na kuta zilizochorwa hadi juu, leo ndiyo zamu yenu. Naishi kwenye mojawapo, na nitaisema ilivyo.

Tuanze ndani, ambako hatutakawia. Chumba ni kidogo. Jiko limebanwa ukutani, kabati ni moja, na meza ya kulia ndiyo hiyohiyo ya kazi. Kwa kodi hii, pembezoni mwa mji ungepata sebule na chumba cha wageni juu yake. Kwa hiyo kama wewe unapima nyumba kwa mita za mraba, hii imeshafeli, na sitaitetea. Hapa unalipia mtaa; chumba ni cha kulalia tu.

Sasa huo mtaa upimeje? Dalali atakwambia kila kitu kipo karibu. Dalali gani aliwahi kusema kipo mbali? Kuna huduma ya mtandaoni inaitwa Walk Score, ilianza 2007, inaipa anwani alama kuanzia 0 hadi 100 kwa jinsi mahitaji yanavyofikika kwa miguu. Kilicho ndani ya dakika 5, yaani kama mita 400, kinapata alama zote. Umbali ukizidi alama zinashuka, na kikipita dakika 30 hakihesabiwi kabisa. Hata kama mji wako haumo, hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa ramani ya simu. Halafu toka ukatembee, tena na mzigo mkononi, kwa sababu ramani haikuonyeshi taa zilizoungua, njia ya waenda kwa miguu iliyogeuzwa maegesho, wala barabara pana isiyo na kivuko.

Na unapotembea, usihesabu majumba ya sanaa. Hesabu duka la dawa, soko, fundi viatu, kituo cha basi. Mtaa wa wasanii ukishapata jina, biashara hizo ndizo hufungasha mapema maana haziwezi kodi mpya. Unajikuta umezungukwa na picha za kuchora, na sabuni unaifuata kwa basi.

Tuje kwenye kelele, maana hapa ndipo watu wanapovunja mikataba. Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba chumba cha kulala usiku kisizidi desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ili mtu alale vizuri. Desibeli hazipandi kama bei ya sukari: zikiongezeka 10 tu, sikio linasikia sauti imekuwa kama maradufu. Na kinachokusumbua si mwimbaji, ni besi. Sauti nyembamba ukuta unaizuia, lakini besi inapenya, na vioo vya dirisha vinatetemeka. Kwa hiyo kagua dirisha kabla ya bafu. Lina vioo viwili vyenye nafasi katikati? Mpira wa pembeni umekaza au umekauka? Dirisha likiacha upenyo kidogo tu, ule unene wa kioo haukusaidii kitu.

Na jamani, msikague fleti ya hapa Jumanne saa nne asubuhi! Nendeni Ijumaa usiku. Simameni chini ya dirisha, muulize mlango wa nyuma wa ukumbi uko wapi, maana onyesho likiisha ndipo spika na vyuma vinapakiwa kwenye gari, na wapakiaji hawanong'oni. Ukipata chumba kinachotazama uani, kichukue, hata kama mandhari ni mabomba matupu. Mandhari utayaona ukishuka chini.

Msitegemee pia kwamba mtalalamika ukumbi ufungwe. Uingereza, tangu 2018, sera ya mipango miji inasema anayejenga nyumba jirani na ukumbi uliokuwepo tayari ndiye wa kushughulikia kinga ya kelele. Mimi naona ni haki. Ukumbi ndio uliokuvuta, halafu uufunge?

Mkataba nao usomwe kwa jicho kali, hasa kipengele cha kupandisha kodi. Mfano ni mtaa wa SoHo, New York. Wasanii waliingia kwenye viwanda vilivyoachwa tupu, na mwaka 1971 jiji likawaruhusu rasmi waliotambuliwa kuwa wasanii kuishi humo. Mtaa ukang'aa, wenye pesa wakafuata, na kufikia miaka ya 1990 majumba mengi ya sanaa yalikuwa yakihamia Chelsea, mtaa mwingine wa jiji hilohilo. Ndiyo maana mimi ningechagua mkataba mrefu wenye kiwango cha ongezeko kilichoandikwa, kuliko punguzo la mwezi wa kwanza.

Alama zangu, kati ya 10: chumba 5, mtaa 9. Usingizi ni 7 upande wa uani na 3 upande wa barabara. Mwenye gari asije, maegesho yatamla hela yote anayookoa kwa kutembea. Na kama jioni zako zote unazimalizia kwenye kochi, chukua ile ya pembezoni yenye sebule, kwa sababu hapa utakuwa unawalipia wenzako starehe.