Wayback Machine: shahidi wa bloga pale gazeti linapochukua kazi yake

"Picha: Mtandao." Maneno hayo mawili, kwa herufi ndogo chini ya picha, yamezoeleka katika magazeti na tovuti za habari za Tanzania. Kenya utakuta "Picha/Hisani". Mtandao haupigi picha. Aliyepiga ana jina, na mara nyingi ni bloga aliyesimama kwenye mafuriko au kwenye mkutano wa kijiji ambako chumba cha habari hakikutuma mtu.

Upande wa pili nao una madeni yake. Zipo blogu ambazo kila alfajiri hupandisha kurasa za mbele za magazeti ya siku hiyo, kisha hubandika habari nzima nzima, aya ya kwanza hadi ya mwisho, na chini kabisa huandika "Chanzo" na jina la gazeti, kana kwamba kutaja chanzo ndiko kuomba ruhusa. Mhariri anamwita bloga mwizi, bloga naye anamrudishia lilelile. Ugomvi ukifika pabaya hubaki swali moja: nani alitangulia?

Hapo ndipo wengi huumbuka, kwa sababu tarehe iliyo juu ya habari haithibitishi kitu. Kwenye Blogger (Blogspot) na kwenye WordPress, mifumo ya kuendeshea blogu, mwandishi anaweza kurudisha tarehe ya chapisho nyuma atakavyo, na mifumo ya magazeti nayo inaruhusu. Skrinshoti pia hughushiwa kwa dakika mbili. Anahitajika shahidi wa nje, asiye wa bloga wala wa gazeti. Kati ya huduma za bure za kazi hiyo, Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandaoni, ndiyo bora. Ina kasoro zake, na moja au mbili zinaweza kukuangusha usipozijua mapema.

Huduma hii ni ya Internet Archive, taasisi isiyo ya kibiashara ya San Francisco iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Wayback Machine ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Roboti zake huzunguka mtandaoni zikichukua nakala za kurasa, lakini bloga asizitegemee hizo. Tovuti kubwa hupitiwa mara nyingi. Blogu ndogo ya Kiswahili inaweza kukaa miezi bila kupitiwa. Kinachomfaa ni kitufe cha Save Page Now, ambacho humwezesha mtu yeyote kuamuru ukurasa uhifadhiwe sasa hivi.

Utaratibu ni huu. Ukishachapisha tu, fungua web.archive.org/save, bandika anwani ya chapisho, bonyeza. Kusubiri ni kati ya sekunde chache na dakika kadhaa, kutegemea msongamano. Bila akaunti inafanya kazi, lakini jisajili, ni bure: mwenye akaunti anaweza kuagiza picha ya skrini ya ukurasa mzima ihifadhiwe pamoja na nakala, na kila alichohifadhi akakiweka kwenye orodha yake mwenyewe. Ukijaribu kuhifadhi ukurasa uleule mara mbili kwa haraka, huenda ukajibiwa kwamba nakala ipo tayari na usubiri. Hilo si kosa.

Kabla ya kubandika, isafishe anwani. Ukifungua blogu ya Blogspot kwa simu, anwani huishia na ?m=1. Ukiichukua kutoka Facebook, inakuja na mkia mrefu unaoanza na fbclid. Kwa Wayback Machine, anwani yenye mkia na isiyo na mkia zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Ukihifadhi yenye mkia, mhariri akatafuta isiyo na mkia, ataambiwa hakuna nakala, nawe utaonekana mzushi. Futa kila kitu kuanzia alama ya kuuliza. Isipokuwa kama blogu yako ya WordPress bado inatumia anwani za aina ya ?p=123; hizo ziache, ndizo anwani zenyewe.

Sasa tuisome risiti yenyewe. Nakala hupewa anwani yenye tarakimu 14, tuseme 20250314061240. Nne za kwanza ni mwaka, mbili mwezi, mbili siku, kisha saa, dakika na sekunde: Machi 14, 2025, saa 06:12:40. Lakini hizo ni saa za UTC, saa za kimataifa, si zetu. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ni 09:12. Kwa anayehesabu saa za Kiswahili kuna njia ya mkato: toa tatu tu. Sita toa tatu, saa 3 na dakika 12 asubuhi. Tarakimu za saa zikisoma 14, ni saa 11 jioni. Zikisoma 19, utapata 16. Toa 12 tena, ni saa 4 usiku. Goma, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura, walio nyuma yetu kwa saa moja, watoe nne.

Hatari iko tarakimu za saa zikisoma 21, 22 au 23. Nakala inayosoma 20250314221500 si ya tarehe 14 kwetu. Ni saa 7 na robo usiku wa kuamkia Machi 15. Bloga akiandika kwenye barua ya malalamiko kwamba alichapisha tarehe 14, na gazeti likaonyesha lilipandisha habari yake saa 5 usiku wa tarehe 14, kesi imegeuka. Andika saa zote mbili kwenye barua, za UTC na za kwetu.

Mtego mkubwa zaidi ni wa picha. Ukurasa uliohifadhiwa haukuchukuliwa wote kwa mpigo mmoja. Maandishi yanaweza kuwa ya leo, na picha iliyo ndani yake ikawa imechukuliwa wiki mbili baadaye, roboti ilipopita tena, au isiwepo kabisa. Macho hayaoni tofauti, ukurasa unaonekana mzima. Bonyeza About this capture, juu ya nakala upande wa kulia, uangalie sehemu ya Timestamps: kila kipande cha ukurasa kimeorodheshwa na tofauti yake ya muda na ukurasa wenyewe. Mwanasheria wa gazeti anayejua kazi yake ataanzia hapo.

Dawa yake ni kuihifadhi picha kivyake. Ifungue kwenye ukurasa mpya wa brauza ili upate anwani yake yenyewe. Kwa Blogspot itaanza na blogger.googleusercontent.com, na ndani yake kuna kipande kama s320, s640 au w400-h300 kinachopanga ukubwa. Kibadilishe kiwe s0, picha itoke kwa ukubwa ulioipandisha nao, halafu peleka anwani hiyo Save Page Now. Picha tatu muhimu, mara tatu. Na faili asili, lililotoka kwenye kamera au simu, usiliguse. Ndani yake mna tarehe, saa na aina ya kamera, taarifa ambazo WhatsApp huzifuta ukituma picha kwa njia ya kawaida. Ikibidi kuituma, itume kama dokumenti.

Upande wa gazeti, fanya vivyo hivyo, na ufanye kabla hujalalamika. Wengi hukosea hapa: bloga anakasirika, anapiga kelele kwenye mtandao wa X, anamtaja mhariri, na ndani ya nusu saa habari imefutwa au imeongezwa jina lake kimyakimya. Hifadhi kwanza ukurasa wao, kelele baadaye. Ukishakuwa na nakala mbili za ukurasa mmoja, kitufe cha Changes huziweka ubavu kwa ubavu, kilichofutwa kikiwa na rangi ya njano na kilichoongezwa ya buluu. Ni kifaa kizuri kuliko vyote ndani ya huduma hii, na wachache wanakijua. Gazeti linaloandika "habari hii imekuwa hivi tangu mwanzo" hujibiwa na rangi mbili.

Kalenda nayo ina lugha yake. Duara la buluu ni nakala nzima, la kijani ni ukurasa ulioelekezwa kwingine, la chungwa ni ukurasa uliokosekana au uliokataa kufunguka, jekundu ni hitilafu ya seva ya tovuti yenyewe. Duara la chungwa likifuata la buluu kwenye habari unayolalamikia, huenda umeona tarehe ambayo ukurasa ulikuwa tayari umeondolewa.

Kuna mahali huduma hii haifai kabisa. Facebook na Instagram mara nyingi huirudishia ukurasa wa kuingia tu, na ndiko picha nyingi zinakochukuliwa siku hizi. Habari za kulipia hukatwa katikati. Na wachapishaji wakubwa kadhaa wa ng'ambo wameanza kuzifungia mlango roboti zake, wakihofia kazi yao kuchukuliwa na kampuni za akili mnemba kupitia hifadhi hii. Hofu yao inaeleweka, ila mlango ukifungwa umma nao unapoteza kumbukumbu ya nani alisema nini. Zaidi ya hapo, mwenye tovuti anaweza kuomba kurasa zake ziondolewe kwenye hifadhi, na maombi hayo huweza kukubaliwa. Maana yake, nakala ya ukurasa wa gazeti uliyoitegemea inaweza kutoweka kwa barua pepe moja.

Kwa hiyo usiache ushahidi sehemu moja. Agiza skrinshoti wakati wa kuhifadhi, ipakue, na uchapishe nakala ya Wayback kwa PDF huku anwani yenye tarakimu 14 ikionekana. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa: taarifa za akaunti takriban milioni 31 zilivuja, huduma ikazimika kwa siku kadhaa, na iliporudi ilikuwa ya kusoma tu kwa muda. Aliyetaka kuhifadhi ukurasa wiki hizo alikuta mlango umefungwa. Nenosiri la akaunti hii liwe la kwake peke yake, lisifanane na la barua pepe yako.

Mbadala wa kwanza ni archive.today, iliyopo tangu 2012. Huhifadhi vizuri kurasa ambazo Wayback hushindwa nazo, lakini mmiliki wake hajulikani hadharani, na shahidi asiyejulikana ni dhaifu. Perma.cc, ya maktaba ya sheria ya Harvard, inaaminika zaidi, ila imejengwa kwa ajili ya wanasheria na wanazuoni na matumizi ya bure ni machache.

Ushahidi ukiwa mkononi, barua kwa mhariri iwe fupi: anwani mbili za Wayback, saa zake, na unachodai, yaani jina na linki, malipo, au kuondolewa. Dai kimoja au viwili, si lawama za miaka kumi. Na ujue mipaka ya haki yako. Habari yenyewe haina mwenyewe; kwamba daraja limekatika si mali ya aliyeandika kwanza. Maneno uliyoyapanga na picha uliyopiga ndivyo vyako, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kwa Tanzania na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kwa Kenya. Mhariri akinyamaza, Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari, na Kenya ipo tume ya malalamiko chini ya Baraza la Habari la nchi hiyo. Mahakamani ni safari nyingine: Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti cha anayewasilisha nakala ya kielektroniki, Tanzania utakutana na kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Internet Archive hutoa hati ya kiapo kuhusu nakala zake, lakini kwa malipo ya dola ambayo ni rahisi kuzidi thamani ya picha moja.

Kwa bloga wa Tanzania iko sababu nyingine ya kuhifadhi mapema. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipoleta leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, zaidi ya ada ya maombi, blogu nyingi zilizimwa mwezi Juni mwaka ule. Blogu ikizimwa na jina la tovuti likiisha muda, kazi zake hubaki bila mtetezi. Yeyote anaweza kuzitumia na kuandika "Mtandao", na mwenyewe hana pa kuonyesha. Waliohifadhi bado wana pa kuonyesha.

Yote haya mabloga wanaobandika habari za magazeti wayasome kwa upande wao pia. Gazeti linaweza kubonyeza kitufe kilekile. Kufuta chapisho baada ya kupokea barua hakufuti nakala, na kama gazeti lilikwisha kuomba radhi kwa habari yenye kashfa huku blogu imeiacha vilevile kwa miezi, kalenda itaonyesha kila duara.

Picha ikichapwa kwenye gazeti la karatasi, Wayback haikusaidii upande wao. Nunua toleo hilo siku hiyohiyo, mbili kama zipo, usikate ukurasa. Piga picha ukurasa mzima, ukingo wenye tarehe na namba ya toleo ukionekana, kisha kunja gazeti zima ulitie kwenye bahasha pamoja na karatasi yenye anwani ya nakala ya chapisho lako. Magazeti ya juzi huishia kufungia maandazi, na ofisi ya gazeti haina wajibu wa kukutafutia toleo unalotaka kulishtakia.